Darlene wa Mbugangari

Kila asubuhi, akishamaliza chai na kuwatupia kuku wa mama yake mabaki ya ugali, Belise alivaa viatu, akakata vichochoro vya Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, Rwanda, hadi nyumba ya ghorofa karibu na mpaka wa Goma, akapanda ngazi, na huko juu akageuka mzungu.

Usicheke. Watu wamegeuka mabaya kuliko hayo kwa ajili ya mshahara, na Belise alikuwa amekaa miaka miwili na diploma yake ya utalii bila hoteli hata moja kumwita.

Mzungu mwenyewe aliitwa Darlene. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu wanne. Kwenye picha alikuwa na nywele fupi za kijivu na sahani ya keki mkononi, akitabasamu kama mtu ambaye hajawahi kumtukana hata mbwa. Uso huo ulichorwa na kompyuta. Hakuna popote duniani palipokuwa na mama wa namna hiyo, lakini Wamarekani elfu tisini walikuwa wakimfuata mtandaoni, wakimwombea mguu wake unaouma, na kumtakia heri siku ya kuzaliwa.

Mwenye ofisi alikuwa Igor, kijana aliyekulia Kampala, mwenye Kiingereza cha haraka na viatu vyeupe visivyochafuka hata msimu wa mvua. Chini yake walikuwa vijana wanne, kila mmoja na mzungu wake. Tuyisenge, ambaye nyumbani kwao Rugerero alikuwa akiogopa hata kuchinja kuku, alikuwa askari mstaafu wa Texas mwenye bunduki kumi na moja. Mtandao ulilipa kulingana na macho yaliyosoma, na macho ya Wamarekani yalilipa kuliko macho ya watu wengine wote. Ndivyo dunia ilivyopangwa, wala si Igor aliyeipanga.

Igor aliwafundisha kazi kama mwalimu wa katekisimu.

"Mzungu wa Amerika hajui kama ni mzungu," aliwaambia siku ya kwanza. "Anajiita mtu tu. Siku mtu mweusi anapohamia karibu yake, ndiyo siku anajua. Sasa nyinyi kazi yenu ni kumukumbusha kila asubuhi kwamba yule mweusi amehamia."

"Tumwambie amuchukie?" aliuliza Belise.

"Hapana. Watu wazuri hawapendi kuambiwa wachukie. Waambie wanaibiwa."

Belise akawa hodari kuliko wote, na hata Igor alishangaa msichana wa Gisenyi ambaye hajawahi kupanda ndege aliyatoa wapi maneno yale. Jibu lake lilikuwa rahisi, ila hakulisema. Hakuyatunga. Mama yake, Donatille, alizaliwa Masisi, upande wa pili wa mpaka, kwenye familia ya wafugaji waliokuwa wakisema Kinyarwanda. Walifukuzwa huko mwaka tisini na sita, na Belise alikuwa ameyasikia maneno ya kuwafukuza mara nyingi jikoni, mama akimenya viazi: walikuja kuomba pa kulisha ng'ombe mmoja, leo wanataka mlima mzima. Wanazaa sana. Wanasaidiana wao kwa wao. Watoto wetu watakuwa wageni kwenye kaburi la babu zao. Belise alitoa ng'ombe akaweka kazi, akatoa mlima akaweka mji, akatia Kiingereza cha bibi mpole. Wamarekani walilia. Waliandika, "Darlene, wewe peke yako ndiye unayesema ukweli."

Alijua anafanya nini? Alijua nusu, na ile nusu nyingine aliiacha kwenye ngazi kila asubuhi kama mwavuli.

Sasa mtu anayejifanya bibi wa mji fulani lazima aujue mji huo, na Belise aliujua mji mmoja tu wa Amerika. Aliujua kwa sababu kaka wa mama yake aliishi huko.

Mjomba Sebagabo hakupata, kama dada yake, pa kujenga maisha Gisenyi. Alikaa kambini, humohumo Rwanda, miaka kumi na minane, kisha akapelekwa Amerika na mke wake na watoto, kwenye mji mdogo unaoitwa Orrin, katikati ya mashamba ya mahindi, mahali ambapo kila mtu anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Mfugaji aliyejua jina la kila ng'ombe wa baba yake alipewa kisu na aproni, akawekwa kwenye mstari wa kukata mapaja. Kila Jumapili alimtumia dada yake ujumbe wa sauti, mrefu kama mahubiri, na Donatille aliusikiliza kwa sauti kubwa ua mzima usikie.

"Dada yangu," alisema katika mmoja, akicheka, "huku walinipa karatasi, wakaniambia chagua: we ni mweupe, mweusi, ao nini? Mi nikasema, mi ni mutu wa Masisi. Mama wa ofisi akasema hiyo haiko kwa karatasi. Akaweka mweusi. Bon. Kule Congo niliitwa Munyarwanda, Rwanda nikaitwa Mukongomani, sasa niko mweusi. Na weusi ba huku, wenyewe, wananiangalia, wanasema hapana, huyu haiko wetu."

Ua mzima ukacheka. Belise alicheka pia, na kesho yake akazitumia hadithi za mjomba kazini. Si kwa jina, hapana. Alitumia barabara, duka la vifaa vya shamba lililofungwa, harufu ya kiwanda wakati wa upepo, kanisa lililouzwa kwa wageni. Darlene akawa mwenyeji wa Orrin kwa sababu Mjomba Sebagabo alipenda kuhadithia. Watu wa Orrin wenyewe walimwamini. Wengine walidhani ni yule mwalimu wa zamani wa darasa la pili, wengine yule wa la tatu.

Mmoja wao aliitwa Wendell.

Wendell alimwandikia Darlene karibu kila siku. Mke wake alikufa, mwanawe alihamia mbali na hapigi simu. Alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na sita mpaka mgongo ukaharibika. Alikuwa na nyumba, gari mbili, friji tatu za kuhifadhi nyama ya mawindo, na aliamini kabisa kwamba anafukuzwa. "Nilikuwa sijawahi kujifikiria kuwa mzungu," aliandika. "Nilikuwa Wendell. Sasa kwenye televisheni wananiambia mimi ni mzungu na ni kosa langu. Halafu natoka nje, namwona kila mtu ana watu wake isipokuwa mimi. Basi na mimi nitafute watu wangu."

Belise alimhurumia, na alimwonea wivu pia, na akashangaa jinsi mtu mwenye friji tatu anavyoweza kulia kwa maneno yaleyale yaliyowafukuza watu Masisi na sufuria moja. Alimjibu vizuri. Alimwambia, "Hauko peke yako. Sisi tupo." Alimwekea alama ya moyo. Ilikuwa kazi.

Mwezi wa sita macho yalipungua. Igor alizunguka meza na viatu vyake vyeupe, akasema Darlene amekuwa mama wa mapishi, hakuna anayelipwa kwa mapishi. Alimpa Belise mpaka Jumatano alete kitu. Jioni ya siku aliyoyasema hayo, simu ya mama yake ilipokea video kutoka kwa Mjomba.

Uwera, binti wa mjomba, alikuwa anaolewa. Sherehe ya kuposa ingefanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa zamani wa wakulima, karibu na reli, na Sebagabo alitaka ifanywe kama Masisi, bila kupunguza kitu. Alikuwa amewakusanya vijana, wengine wamezaliwa kambini na hawajawahi kushika ng'ombe mkia, akiwafundisha kutaja sifa za ng'ombe, fimbo ndefu juu, kwa sauti inayotoka tumboni. Nyuma yao wachezaji walikuwa na mikuki na ngao za kucheza, na nywele ndefu za majani makavu kichwani. Sebagabo aliwakemea, "Zaidi! Ng'ombe gani atakusikia hivyo?" Nao wakapiga kelele mpaka madirisha yakatetemeka. Donatille aliitazama mara tano na machozi yakamtoka, akampa Belise simu aihifadhi isije ikapotea.

Mtu wa kwetu akiona video ile anaona posa. Anaanza hata kuuliza soda zitakuwa za aina gani. Belise alikuwa mtu wa kwetu, na pia alikuwa Darlene, na Jumatano asubuhi ni Darlene aliyeifungua.

Alikata sekunde kumi na moja. Alizifunika nyuso zote kwa ukungu, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu wale walikuwa ndugu zake na hakutaka mtu awajue. Alifanya hivyo kwa upendo. Kisha akaandika: Wanaume arobaini, kwenye ukumbi aliojenga babu yangu, hapa Orrin, na fimbo na mikuki. Majirani wanasema Jumamosi watakuwa wengi zaidi. Mimi ni bibi mzee tu, lakini nauliza, wanajiandaa kwa nini?

Mpaka saa tisa alasiri, watu milioni moja walikuwa wameisoma. Igor alimnunulia kuku wa kuchoma.

Alhamisi Belise alianza kusoma majibu. Alikuwa amezoea matusi. Haya hayakuwa matusi. Yalikuwa maswali ya watu wenye utulivu: ukumbi upi, saa ngapi, mlango wa nyuma uko upande gani. Alimwambia Igor wafute. Igor akafuta, kwa kweli, hakubisha hata kidogo. Alikuwa ameshapata alichotaka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Video ilikuwa tayari kwenye kurasa mia nyingine, na Tuyisenge, yule askari wa Texas, alikuwa ameirusha pia.

Njia ilikuwa moja, na Belise aliijua: ampigie mjomba, amwambie abadilishe ukumbi. Dakika mbili tu. Ila mjomba angeuliza umejuaje, na mama, aliyekuwa akimsifu sokoni kwamba binti yangu anafanya kazi ya kompyuta na Wamarekani, angekuwa pembeni anasikiliza. Belise alishika simu Alhamisi jioni. Aliishika Ijumaa asubuhi na Ijumaa mchana. Mwishowe alituma ujumbe wa maandishi, mwepesi, wenye alama ya kucheka: Mujomba, huko iko usalama kweli? Nimesikia bazungu ba huko wanaogopa fimbo.

Sebagabo akajibu kwa sauti, na nyuma yake watu walikuwa wakipanga viti. "Mutoto wangu, bazungu ba huku ni batu. Jirani alituletea keki ya maboga, anasema atakuja kuangalia. Usiogope kitu. Mi nilikimbia batu wenye panga, sitakimbia batu wenye keki."

Angeweza kujibu hapo. Alisikiliza ujumbe ule mara tatu, akajiambia mzee mwenyewe amesema hakuna shida, akaweka simu mfukoni na kwenda kumsaidia mama yake kupiga pasi mushanana, vazi lake la sherehe.

Jumamosi saa moja jioni sebule ya Donatille ilijaa. Majirani walikuja wamevaa vizuri kama walioalikwa, na walikuwa wamealikwa kweli, maana sherehe ingeonyeshwa moja kwa moja kwa simu. Nyirabagenzi, jirani wa ukuta mmoja, alileta kreti ya Fanta. Simu ilisimamishwa kwenye kopo la maziwa juu ya meza, na huko Orrin kulikuwa bado mchana mweupe. Walimwona Mukamazimpaka, mke wa Sebagabo, akipunga mkono. Walimwona Sebagabo na kofia yake na fimbo yake, msemaji wa familia, akiwakatalia wageni kwa mizaha: hapa hakuna msichana, hapa tunauza mbuzi, mumepotea njia. Sebule ikaangua kicheko. Donatille alipiga goti kwa kiganja, akasema kaka yangu hajabadilika.

Belise alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anaangalia nyuma ya Sebagabo, kwenye mlango wa ukumbi, na alikuwa akiomba Mungu kwa maneno ambayo hakuyapanga.

Vijana wakaingia na fimbo, wakaanza sifa za ng'ombe. Kelele zilikuwa nzuri. Kwa hiyo sauti ya kwanza watu wa sebuleni hawakuitambua. Nyirabagenzi alidhani ni chupa. Ya pili na ya tatu waliitambua wote, kwa sababu hakuna mtu mzima wa Gisenyi asiyeijua. Simu ya huko ikaanguka. Walibaki wakitazama dari ya ukumbi, mbao nyeupe na taa ndefu, na utepe wa karatasi ukining'inia, huku watu wakilia kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili na kuitana majina. Dari ilikaa hapo dakika nne. Hakuna aliyethubutu kugusa simu. Donatille alikuwa akiita jina la kaka yake kwa upole, kama anayemwamsha mtu.

Sebagabo alikufa, na vijana wawili, mmoja wa miaka kumi na tisa. Uwera alipigwa bega, akaishi. Wendell alikaa chini kwenye ngazi za ukumbi akawasubiri polisi, bunduki ikiwa kando yake. Aliwaambia alikuja kuzuia vita.

Nyumba ya Donatille ikawa nyumba ya msiba. Maiti ilikuwa mbali, lakini ikiriyo, yaani matanga, haihitaji maiti. Watu walikuja na mikeka, wakakaa uani siku baada ya siku, wakakatazana kazi, wakaimba za kanisani. Jumatatu Igor alimwandikia Belise. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, kisha akamwambia gazeti moja la Amerika limemtaja Darlene na watu wanamtafuta kwa wingi ambao hajawahi kuuona. Je, Belise anaweza kuandika maneno mawili ya rambirambi? Belise hakujibu. Kesho yake Darlene aliandika bila yeye: Moyo wangu umevunjika. Tuombee familia zote, za pande zote. Ilikuwa lugha ya Tuyisenge, alimjua kwa jinsi alivyoweka nukta.

Siku ya nne mpwa mmoja wa Kigali alileta habari uani. Alisema yule muuaji hakuanza mwenyewe, kuna mama wa kizungu alimchochea mtandaoni, jina lake Darlene, mkazi wa hapohapo Orrin. Uani kukawa na minong'ono. Donatille hakunong'ona. Aliinuka mkekani, akamshika Belise mkono, akaingia naye chumbani, akafunga mlango na kuketi kitandani.

"We unajua Kizungu," alisema. "Nitafutie huyu mama. Nataka kumwandikia. Mi nitasema, we utaandika."

"Mama, itakusaidia nini?"

"Nataka aniambie kaka yangu alimufanyia nini. Basi. Siombi kingine. Bale ba Masisi tulikuwa tunawajua, tulikuwa tunakula nao, nilijua wanataka shamba. Huyu alikuwa anataka nini? Sebagabo hakuwa na kitu." Alifuta pua kwa pembe ya kitenge. "Tafuta. Niko nangojea."

Belise alifungua simu. Uso wa Darlene ukatokea, na keki yake, na pembeni picha ndogo ya mtoto, mmoja wa wale wajukuu. Donatille akaichukua simu, akaisogeza mbali kidogo kwa sababu ya macho yake, akauangalia uso huo kwa muda mrefu.

"Iko na sura muzuri," alisema. "Iko na watoto?"

"Hapana, mama."

"Hapa si ni mutoto? Huyu mudogo?"

"Haiko mutoto wake. Hana mutoto. Huyu mutu haiko, mama. Haiko mutu." Sauti ya Belise ilikuwa imekauka. "Ni kazi yetu, kule kwa Igor. Ni mi."

Donatille alimtazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, maana aliona binti yake amechanganyikiwa na msiba. "Lala kidogo," alisema. "Haujalala tangu Jumamosi. Huyu ni muzungu. Muangalie. Mutu wetu hawezi kuandika maneno kama haya juu ya batu wetu."

Hapo palikuwa na njia ya kutoka, na ilikuwa wazi. Belise angeweza kusema ndiyo, mama, nimechoka. Angeweza kuandika barua ya mama, na hata kuijibu. Aliiona njia yote hiyo kwa mara moja, na akajichukia kwa kasi aliyoiona nayo. Akatafuta ile video kwenye kumbukumbu ya simu, zile sekunde kumi na moja, akaiweka mbele ya mama yake na kubonyeza.

Wanaume wasio na nyuso waliinua fimbo. Mmoja, mwenye kofia, alipaza sauti: "Zaidi! Ng'ombe gani atakusikia hivyo?"

Donatille aliisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hii alinitumia mi."

"Ndiyo."

"Hakutumia mutu mwingine."

"Ndiyo, mama."

Huko nje walikuwa wameanza wimbo mwingine. Donatille alibonyeza video tena yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, na safari hii hakuangalia fimbo. Aliangalia ule ukungu.

"Uliwafunika nyuso."

"Nilizani hivyo hakuna mutu atawajua. Nilizani nawalinda. Mama, mi sikujua ule mutu atakwenda kweli, nilizani wanaandikaka tu, huko ni mbali, ni kazi, nilitaka kumwambia Mujomba, nilimuandikia Ijumaa..."

"Ulimuandikia nini?"

Belise alimwambia alichoandika. Aliposikia maneno yale mepesi, na alama ya kucheka, Donatille alifumba macho. Binti alingoja kofi. Angelipokea kama zawadi; alikuwa amekaa siku nne akilitamani. Halikuja. Mama alikuwa akitikisa kichwa polepole, na alipoongea hakuwa akimwambia mtu.

"Uliwafunika nyuso," alisema, "kama batu wameshakufa."

Kisha akauliza nani mwingine anajua. Belise akasema Igor na wale vijana. Donatille akamrudishia simu, akatengeneza kitenge chake kiunoni, akamwambia anawe uso, kwa kuwa watu wako nje na wataanza kuuliza. Alifungua mlango akatoka wa kwanza.

Belise alinawa kwenye beseni, maji ya baridi. Alijua mama yake anakwenda kusema. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu alikuwa na kitu karibu na nafuu: atasema, watanipiga, watanifukuza, polisi watakuja, na itakuwa imekwisha. Akatoka uani akiwa amekwisha kujitoa.

Simu ya Donatille ilikuwa inalia. Alikuwa Mukamazimpaka kutoka Orrin, na watu wakaomba iwekwe sauti kubwa, wakasogea wote, hata watoto. Mjane aliongea kwa shida. Alisema watamzika Sebagabo Jumamosi. Alisema Uwera ameamka, anauliza baba. Alisema wazungu wengi wamekuja na maua, wanalia kuliko wao, mmoja alimshika mikono akamwomba msamaha kwa niaba ya wazungu wote.

"Na ule Darlene," alisema. "Polisi wamemutafuta nyumba kwa nyumba hapa Orrin. Hawamuoni. Hakuna mutu anamujua. Belise iko hapo? Yeye anajua mambo ya internet. Mumwambie anisaidie, wifi yangu. Nataka nimuone tu kwa macho."

Ua wote ukamgeukia Belise. Alifungua mdomo.

"Belise anamutafuta," alisema Donatille, kabla binti hajatoa sauti. Alikuwa ameishika simu karibu na midomo. "Hajalala, mutoto wa watu. Anamutafuta muchana na usiku. Tukimupata tutakuambia."

"Mungu amubariki," alisema mjane.

"Amina," waliitikia watu.

Nyirabagenzi aliguna, akasema bazungu ni batu gani hawa, mutu anakaa nyumbani na keki yake anaua batu hajawahi kuwasalimia. Wengine wakaitikia, kila mmoja na lake. Donatille alizima simu, akaiweka chini ya kitenge.

"Bazungu ni vile bako," alisema, ndivyo walivyo, na sauti yake ilisikika mpaka ukutani.

Akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi upande wake wa kulia, akapiga pale kwa kiganja bila kumtazama binti yake. "Icara hano," alisema. Kaa hapa. Belise alipita katikati ya watu, na watu wakampisha, wakimgusa bega na kumwita jasiri, akakaa.